Ila

Ghorofa ya tatu, ofisi ya posho za familia, mjini Rennes.
Mvua ya Februari inaandika kiooni na kujifuta.
Solenn Kervadec, mwanasheria, ameleta kitabu cha kanuni
kilichofura kwa vibandiko vya manjano.
Goulven, fundi wa programu, ameleta kiti,
maana kiti cha mgeni kilivunjika tangu Krismasi.

Wanaketi bega kwa bega mbele ya skrini moja.
Kushoto ibara, kama ilivyotoka bungeni,
na mikia yake yote.
Kulia lugha ile ndogo, isiyojua kuchora wala kupiga muziki,
inayojua kuuliza jambo moja tu: sheria imesemaje?

"Toleo jipya," anasema Goulven,
kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto usiku.
"Sasa ila inashonwa chini ya kanuni yake,
kiraka hakiendi tena kwenye shati la jirani.
Na ila mbili zikigombana,
haifuati yenye sauti kubwa. Inasimama,
inazitaja zote mbili, ukurasa na mstari."

Solenn anacheka. Miaka kumi na mmoja
amezisuluhisha kwa kalamu nyekundu:
mzazi hulipwa, ila kama kipato kimezidi,
ila kama ni mjane, ila kama ameolewa tena,
ila kama ndoa ni ya ng'ambo na cheti hakijatafsiriwa.

(Lugha ninayoandikia haya ina neno moja
kwa kinachoachwa nje na kwa doa.
Wao wawili hawalijui. Siku hiyo
wangelihitaji.)

"Tujaribu tarehe."
Ibara: posho hukoma tangu mwezi
mtoto anapotimiza miaka kumi na minane.
Wanamzaa mtoto wa kubuni,
ishirini na tisa Februari, mwaka mrefu.
Mashine ya zamani ingejibu kabla hujapepesa.
Hii inanyamaza. Kisha, kwa herufi za rangi ya chungwa:

     Siku hiyo haipo katika mwaka wa kumi na nane.
     Ni Februari ishirini na nane, au ni Machi mosi?
     Ibara haikusema. Sitasema kwa niaba yake.

Goulven anaona haya, kama mwanawe kamjibu mgeni.
"Mstari mmoja tu, nitairekebisha.
Nishushe, au nipandishe?"
Solenn anauzuia mkono wake juu ya kibodi.
"Ile ya zamani ilifanyaje?"

Wanaufungua msimbo wa mwaka themanini na saba,
kazi ya mtu aliyestaafu, akafariki,
akaacha maelezo ya neno moja pembeni: *kawaida*.

Ilishusha.
Miaka thelathini na mitano, bila kumuuliza mtu, ilishusha.
Februari moja kwa kila mtoto wa siku ile.
Si wengi. Goulven anahesabu,
anahesabu tena: mia mbili na kumi na wanne.

Na mmoja wao ana mama, Azeline Prigent wa Fougères,
aliyeandika barua tatu kwa wino wa buluu
akiuliza Februari yake imekwenda wapi,
akajibiwa mara tatu: *hesabu imefanywa na mfumo.*

Jibu la tatu Solenn analikumbuka.
Sahihi ni yake.

Chai ya mashine inapoa. Chini, mtu anakokota mapipa ya taka.
"Basi niandike nini?" anauliza Goulven.
"Usiandike kitu. Iache iulize."
Anayanakili maneno ya rangi ya chungwa, herufi kwa herufi,
kwenda wizarani, wenye ibara yao waimalizie.

Kisha anavuta karatasi nyingine, ya Fougères,
na hapo kalamu inakuwa nzito.
Anaandika *Bibi Prigent*, anakata.
Anaandika *Mpendwa*, anakata.
Anaanza na kile asichoweza kukosea, tarehe:
ishirini na nane Februari.

Mwaka huu, kesho ni Machi.